Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Ulilipita lile lori. Usikatae. Ulikuwa nyuma yake kwenye mteremko wa machimbo, ukasikia harufu ya mafuta yanayoungua, ukakunja uso, ukapandisha kioo cha gari lako. Au ulikuwa kwa miguu, ukageukia ukutani, ukaziba pua kwa kiganja mpaka vumbi likatulia. Uliona tairi la nyuma limelowa upande wa ndani, linang'aa weusi. Uliona juu ya kokoto wameketi watu, ukajiambia, hao wana wenyewe. Haya, walikuwa na wenyewe. Watano wamezikwa. Na kabla ya lori hili kulikuwa na lile la mchanga, na kabla ya lile la mchanga lile la saruji, lililoingia sokoni siku ya mvua. Wewe umeshalisahau. Wapo ambao hawajalisahau. Safari hii hakuna kugeukia ukutani. Kaa hapa mpaka mwisho.

Siku ya tatu baada ya ajali, saa nne asubuhi, fundi mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya lori hilo akifungua gurudumu la nyuma, kushoto. Jina lake la kazini lilikuwa Kidole. Alipewa kwa sababu hakuwa na haja ya vipimo: alizungusha kidole cha shahada ndani ya beringi, akafumba macho, akakuambia imebakiza miezi mingapi. Alikuwa na miaka ishirini na tatu katika yadi ile moja, na magoti yake yalilia kila alipoinuka.

Lori lilitakiwa kuwa kwenye uwanja wa polisi. Polisi walisema uwanja wao umejaa. Kwa hiyo lilivutwa kwa mnyororo hadi kwa wenyewe, likaegeshwa nyuma ya tangi la maji, uso umebonyea, limsubiri mkaguzi wa magari aje kesho yake. Juu ya bodi kokoto zilikuwa bado zimo, pamoja na kandambili moja ya buluu ambayo hakuna aliyekuja kuiulizia.

Meneja alisimama nyuma ya Kidole, viatu vyake mbali kidogo na oili.

"Taratibu, fundi wangu," alisema. "Hatukimbizani na mtu."

Kidole alichomoa ekseli, na oili ya difu, ile gia kubwa iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma, ikaifuata, ikichuruzika mpaka kwenye mchanga. Alifungua nati kubwa, akalitikisa gurudumu kushoto na kulia, akalivuta pamoja na dramu yake ya breki. Lilitoka kirahisi mno. Ndani kulikuwa kumejaa oili. Viatu vya breki, ambavyo kazi yake ni kubana dramu mpaka gari lisimame, vilikuwa vimelowa mpaka vikawa laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Alivigusa. Kidole kikateleza.

Katika malori ya zamani kama lile, oili ya difu haitulii mahali pake. Inatembea. Inafuata ekseli mpaka gurudumuni, inakuta beringi zimepakwa grisi, na nyuma ya beringi ndipo zilipo breki. Kinachozuia oili isizifikie breki ni kitu kimoja tu: sili, duara la mpira lenye ukingo wa chuma, upana wake kama kisahani cha chai. Mdomo wa mpira unakumbatia chuma, na springi nyembamba kama mkufu inaubana mdomo huo usilegee. Sili ikiwa nzima hakuna anayejua kama ipo. Ikichoka, breki zinakunywa oili, na breki iliyokunywa oili haishiki kitu.

Aliipata sili ya kushoto imebaki mahali pake, mdomo umepasuka pande tatu. Springi ilikuwa imejitokeza nje. Kwenye maungio yake kulikuwa na tone la risasi, ile ya kuungia vyuma, dogo kuliko punje ya mtama.

Hakuhitaji kufumba macho kujua mkono wa nani ulilidondosha.

Ilianza miaka minne nyuma. Lori lilikuwa juu ya jeki, kokoto zilikuwa zinasubiriwa, na sili hazikupatikana mjini kote. Kidole alichomoa springi ya sili ya zamani, akaikata kipande kama ukucha wa mtoto, akaiunga tena ncha kwa ncha, akadondosha risasi juu ya maungio yasiachane. Springi iliyofupishwa iliubana mpira kama mpya. Lori likatoka mchana ule ule. Madereva walimpigia makofi, na Meneja alimshika bega mbele ya watu wote akasema, "Mnamuona huyu? Huyu ni kiwanda!"

Kidole alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama kapandishwa cheo.

Lakini dawa ile ilikuwa ya wiki tatu, nne, ikibahatika sita. Mpira uliobanwa kupita kiasi unaungua, unakauka, unapasuka. Yeye alijua. Alisema hivyo mara ya kwanza, akasema mara ya pili, halafu ikawa kawaida kumwona kila baada ya wiki nne amekaa juu ya ndoo na koleo lake, anakata springi. Stoo ikaacha kuagiza sili. Haikutangazwa. Ziliisha tu, na kila alipoomba nyingine alijibiwa kwa sifa.

Sasa Meneja aliingiza mkono mfukoni, akatoa boksi dogo la karatasi ngumu. Akalifungua mwenyewe. Ndani, katika karatasi ya nta, ilikuwamo sili mpya, mpira wake mweusi unang'aa, springi imekaa kwenye njia yake kama imechorwa.

Kidole aliipokea, akaigeuza.

"Hii imetoka wapi?"

"Dukani. Kwani zinaota shambani?"

"Niliiomba mwezi uliopita, Meneja. Na mwezi wa kabla yake. Nikamwambia karani wa stoo lori hili linashuka mteremko na linabeba watu."

"Akakujibu nini?"

"Kwamba wewe umesema nina mkono."

"Kwani huna?" Meneja alitabasamu, si kwa ubaya. "Sikia. Funga hiyo. Viatu vya breki vioshe kwa petroli, vipige msasa, vikauke. Dramu ifute mpaka nijione uso. Beringi zipake grisi kama unavyojua wewe. Mkaguzi akija kesho akute gari la watu wanaojali."

"Dereva ni shemeji yangu."

"Najua. Ndiyo maana sijaita fundi wa nje. Mambo ya nyumbani yanaishia nyumbani."

"Watamfunga."

"Nani kasema? Kuna mahakama, kuna hakimu." Meneja aligeuka kuondoka, akasimama. "Na hiyo ya zamani..."

"Nifanye nini?"

"Ya zamani ipi?" alisema Meneja, akaenda zake.

Hapa usitafute kisingizio cha kumwonea huruma haraka. Meneja hakumtishia. Hakuinua sauti. Kidole alibaki peke yake na tone lile la risasi kwenye kiganja, na kabla hajamfikiria shemeji yake aliyekuwa mahabusu, kabla hajawafikiria wale watano, alifikiria jambo moja: mtu asilione.

Kisha akafanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya maishani mwake.

Alizitia beringi kwenye dizeli, akazisugua kwa brashi kila mviringo mpaka chuma kikawa cheupe. Akazikausha kwa kitambaa safi, si kwa upepo, kwa sababu upepo hubeba mchanga. Akachota grisi kwenye kiganja cha kushoto, akaikandamiza beringi juu yake, tena na tena, mpaka grisi ikatokeza upande wa pili kama dawa ya meno. Alikwangua chuma pale ambapo sili ya zamani ilikuwa imechimba mfereji. Akaipaka sili mpya mafuta kwenye mdomo, akaiweka, akaweka ubao juu yake, akagonga polepole kwa kuzunguka, juu, chini, kushoto, kulia, mpaka ikakaa sawasawa bila kupinda hata unywele. Alikaza nati huku akizungusha gurudumu, akailegeza kidogo, akaifunga kwa kufuli lake. Akasukuma gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka kimya, likazunguka, likazunguka, kwenye lori lisilokwenda popote.

Sili ya zamani aliifunga kwenye kitambaa akaitia kwenye mfuko wake wa vifaa. Alishindwa kuitupa. Hakujua anaiweka kwa ajili ya nani.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshafunga bakuli kwa kitambaa.

"Baba, mpelekee kaka yangu," alisema. "Mimi jana walinisimamisha mpaka miguu ikavimba, halafu wakaniambia muda umekwisha. Wewe mwanaume, labda watakuogopa."

"Mimi wataniogopea nini?"

"Basi watakuonea haya." Alimtazama suruali. "Mbona unanuka petroli? Leo umeoga petroli?"

"Kazi."

"Ulilifungua lile lori?"

Kidole aliinama kulichukua bakuli. "Mkaguzi anakuja kesho," alisema.

"Namshukuru Mungu. Basi kesho ukweli utajulikana." Akamfuata mpaka mlangoni. "Mwambie asilale kwa ule mkono. Mwambie mama hajaambiwa. Na mwambie wewe upo, atulie. Nilimwambia hivyo juzi kupitia dirishani: shemeji yako yupo pale yadi, hakuna atakayeweza kufanya ujanja mbele ya macho yake."

Kituoni askari alichovya kijiko ndani ya bakuli, akachimbachimba kana kwamba anatafuta spana, akalisukuma kupitia tundu la nyavu. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni upande wa pili. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa plasta, na uzi mweusi ulipita kwenye paji la uso kama zipu. Alipomwona Kidole alicheka.

"Shemeji! Nilijua tu. Nimewaambia hawa, subirini mkubwa wangu aje, yule akiligusa gari linasema lenyewe."

"Kula kwanza."

"Nakula. Umelifungua?"

"Lipi?"

"Gurudumu! Nyuma, kushoto. Shemeji, nilikanyaga breki pale juu kabisa, kabla hata kona haijaanza. Ikashuka mpaka chini kama nakanyaga godoro. Nikapampu. Likanivuta kulia. Nikarudisha gia, gia ikakataa. Nikapiga kelele, jamani shikeni, shikeni!" Kijiko kikabaki hewani. "Kuna mama mmoja kule juu alicheka. Nilimsikia. Alidhani natania, si unajua mimi huwa natania nao."

Kidole alikuwa ameshika nyavu. Kucha zake, alizozisugua kwa sabuni mara tatu, zilikuwa bado na grisi pembeni.

"Wanasema nilikuwa nimelewa," shemeji aliendelea. "Mimi! Hata soda ikichacha kidogo nakohoa. Wamenipa karatasi nisaini, nimewaambia mkono umevunjika. Nimewaambia wa kushoto haujui kuandika."

"Umefanya vizuri."

"Alhamisi tunakwenda mahakamani. Lakini mkaguzi akiona ile oili, hatufiki huko. Si kweli? Wiki mbili zilizopita nilikuambia, kumbuka. Nilikuja nikakuambia, shemeji, nasikia harufu nyuma. Ukanijibuje vile?"

Kidole alikumbuka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, koleo mkononi, madereva wawili wakimsikiliza. Alikuwa amejibu kwa sauti ya kuchekesha watu: *Mkono wangu huujui? Panda gari, acha kunusanusa kama mbwa wa mwenye duka.*

"Sikumbuki," alisema.

"Ulinichekesha sana. Nikasema, basi, kama ni yeye aliyefunga, mimi nani?" Shemeji alilamba kijiko. "Kesho usiondoke pale, shemeji. Hata kwenda kujisaidia, jibane. Wale watu wanaweza kulichezea gari. Hapa sina shahidi mwingine."

Askari akagonga nyavu kwa rungu. Muda ulikuwa umekwisha. Bakuli lilirudi tupu, limefutwa kwa kidole mpaka likang'aa.

Mkaguzi alikuja saa tatu na nusu, mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni na shati lililopigwa pasi. Alilizunguka lori mara moja. Hakuangalia juu ya bodi. Akamwambia Kidole afungue magurudumu ya nyuma, akaletewa kiti, akaketi.

Kidole alifungua. Kulia kulikuwa kukavu kwa kiasi chake; upande ule alikuwa ameukatia springi siku kumi tu kabla ya ajali, ulikuwa bado unashika, na tope lilikuwa limekaukia juu ya risasi. Alipofika kushoto alivuta gurudumu kwa mikono yote miwili, na mbele ya macho ya mkaguzi ikatokea kazi yake ya jana, safi kama sahani za harusi.

Mkaguzi aliinuka. Akainama. Akachota grisi kidogo kwa ncha ya kalamu, akainusa.

"Fundi."

"Naam, mkuu."

"Grisi hii imetembea kilomita ngapi?"

Kidole aliinama kufuta spana.

"Bwana Mkaguzi," alidakia Meneja, "hapa kwetu grisi hatuifanyii ubahili."

"Naona. Na sili ya namna hii hata gari langu mimi halina." Mkaguzi alicheka kidogo, peke yake. Kisha akamgeukia Kidole, macho kwa macho, na uso wake haukuwa wa mjinga. Kila mtu pale alijua kwamba mkaguzi amejua. "Hii imefungwa lini?"

Swali lilikuwa wazi kama lango. Lilibaki wazi muda wa kutosha mtu kupita. Upande wa pili wa yadi karani wa stoo alikuwa amesimama dirishani, mikono kifuani, anatazama. Meneja alikuwa anafuta miwani.

"Katika huduma ya mwisho," Kidole alisema.

"Huduma ya mwisho," mkaguzi alirudia akiandika. "Breki za nyuma, kavu, nzima. Sili, nzima. Beringi, nzima, zimepakwa vizuri." Aliinua macho. "Hongera, fundi. Una mkono."

Wakaingia ofisini yeye na Meneja, na chai ikapelekwa.

Kidole alifunga gurudumu. Mikono ilikuwa inajua kazi yenyewe. Kichwa kilikuwa kwingine, kilikuwa kwenye nyavu za kituo, kikihesabu namna ya kumwangalia mtu yule usoni. Akamaliza, akanawa, akakaa juu ya ndoo yake mpaka gari la mkaguzi lilipotoka. Ndipo akachukua kile kitambaa kwenye mfuko wa vifaa, akaenda ofisini bila kubisha hodi, akakiweka juu ya meza, akakifungua.

Oili ikaingia kwenye karatasi za Meneja.

"Naipeleka kituoni," Kidole alisema. "Leo."

Meneja hakushtuka. Alivuta karatasi zake pembeni, akachukua kalamu, akainua springi kwa ncha yake mpaka tone la risasi likashika mwanga wa dirisha.

"Kazi safi," alisema. "Mjini hapa nani mwingine anafanya hivi?"

Kidole aliufuata mwanga ule kwa macho.

"Nakuuliza kwa nia njema. Mafundi wengine wanaisokota tu. Risasi anatia nani?"

"Mimi."

"Mimi nimewahi kushika koleo? Tajiri mwenye malori amewahi kukanyaga yadi hii? Peleka, fundi. Watamtoa shemeji yako mlango huu, wewe wakuingize mlango ule. Mkeo atapika bakuli lile lile, atabadilisha tu jina la kumwambia askari. Na watu watano si wawili. Dereva anaweza kusema breki zilimkataa. Wewe utasema nini? Springi ilijikata?"

"Niliomba mpya. Mara mbili."

"Uliomba kwa mdomo. Una karatasi? Na nani aliyetufundisha kwamba sili haifi?" Sauti ya Meneja ikawa ya upole, karibu ya kaka. "Miaka minne umetuokoa, umepigiwa makofi, umekula sifa zako hapa. Leo sifa zimekuwa chungu, unataka tuzile sisi?"

Alivuta droo. Akaisukuma sili kwa kalamu, pamoja na kitambaa chake, ikaangukia ndani. Droo ikafungwa. Ufunguo ukazunguka.

"Sasa nisikilize. Lile lori linakwenda chuma chakavu kesho, mkaguzi ameshaliruhusu. Ile sili mpya itoe, uirudishe stoo. Boksi ninalo."

"Niitoe?"

"Tuuze chakavu na sili mpya ndani? Tutachekwa."

Kwa hiyo Kidole alifungua gurudumu lile kwa mara ya tatu. Aliitoa sili kwa uangalifu ule ule, kwa ubao, bila kuikwaruza, akaifuta. Haikuwa imefanya kazi hata mzunguko mmoja wa barabarani. Alikuwa anavuka nayo yadi kuelekea stoo aliposikia kelele langoni.

Zamu ya saa nane ilikuwa inapanda. Lori la zamu lilikuwa pacha wa lile lililokufa. Yalinunuliwa siku moja, yamezeeka pamoja, na yote mawili aliyalea yeye. Wanawake wavunja kokoto walikuwa wamejipanga nyuma ya bodi, nyundo mabegani, chupa za maji viunoni. Hakukuwa na ngazi. Hapajawahi kuwa na ngazi. Unakanyaga tairi, unashika bomba, aliye juu anakuvuta, aliye chini anakusukuma.

"Fundi! We fundi!" mama mmoja mnene alimwita, mguu mmoja tayari juu ya tairi. "Acha kusimama kama nguzo ya simu, nipe mkono!"

Kidole aliibana sili kwapani akampa mkono. Alipoinama kumsukuma, macho yake yalishuka nyuma ya tairi, kushoto. Chuma kilikuwa kimelowa. Kamstari keusi, kembamba, kalishuka kutoka kwenye dramu mpaka kwenye ukingo wa tairi, na vumbi lilikuwa limeganda juu yake.

Wiki ya nne. Huku pia alikata yeye, magurudumu yote ya nyuma, siku moja.

Akabaki ameinama. Ndani ya gurudumu lile, wala si ndani ya droo yoyote, lilikuwamo tone la risasi. Na huku pia mkono ulikuwa wake. Lakini lori hili lilikuwa halijaua mtu, breki zake zilikuwa zimelowa hivi sasa, mchana kweupe, na mtu yeyote mwenye spana angeweza kulifungua mbele ya watu arobaini akaonyesha jinsi ndani ya lile jingine kulivyokuwa, kabla mtu hajapewa petroli na msasa. Shemeji angetoka. Yeye angeingia. Akina mama wangetembea kwa miguu, hai.

"Sukuma basi!" mama mnene alisema. "Au unapima uzito?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Mikono yake inateleza huyo, atakuangusha!"

"Haangushi. Huyu si ndiye Kidole? Huyu ndiye anayetufungia magurudumu."

"Basi shikamoo Kidole!"

"Mama," Kidole alisema.

"Eeh, mwanangu?"

Mdomo wake ulifunguka. Ukabaki wazi. Kule dirishani kwa ofisi pazia lilisogea. Mama mnene alimsubiri kidogo, akaona hakuna kinachokuja, akaishika vizuri mikono yake yenye grisi, naye Kidole akamsukuma. Mama akapanda. Alifuta viganja kwenye gauni, akakaa. Nyuma yake mwingine akainua mguu, akanyoosha mkono, na Kidole akaushika, akamsukuma na huyo. Na mwingine. Na mwingine. Sili mpya iko kwapani, imeanza kupata joto la mwili.

Sasa ni saa nane kasoro dakika tano. Dereva mpya amewasha injini, mlinzi anasukuma lango, mama wa mwisho anatafuta pa kuweka nyundo yake. Yule fundi bado ameuacha mdomo wazi, na huenda sauti isitoke leo, wala kesho, wala Alhamisi. Usimsubiri. Wewe umefika langoni pamoja nasi, una miguu, una sauti, na springi ya mtu haijakubana shingo. Lifunge lango. Simama mbele ya bampa. Washushe wote, hata wanaocheka. Mwambie dereva azime, alete spana, afungue gurudumu la nyuma, kushoto, hapo hapo barabarani, na usiondoke mpaka umeliona kwa macho yako. Sasa hivi. Ameshakanyaga klachi.